Kumtafuta Aliyepotea si Kumtafuta wa Kulaumiwa



Katika chuo cha dini ninachofundisha huku ugenini, wanafunzi hupewa nafasi ya kuuliza maswali baada ya somo la mwisho la kila Alhamisi. Siku moja kijana mmoja alisimama akaniuliza, "Sheikh, je, ni dhambi kupeleleza habari za mtu aliyepotea?"

Nilipotaka kujua sababu ya swali lake, alieleza kwamba yeye na rafiki zake walikuwa wamekesha siku kadhaa katika intaneti, pamoja na maelfu ya watu wa nchi mbalimbali, wakijadili habari za mtu aliyetoweka katika nchi ambayo hawajapata kuikanyaga. Walikuwa wamezitazama picha zake, wamepima njia katika ramani, wamehesabu saa na dakika, na sasa walikuwa karibu kuafikiana ni nani aliyemdhuru. "Hatulipwi chochote," alisema, "tunafanya kwa huruma tu."

Siku ile nilimpa jibu fupi ambalo halikumtosha yeye wala mimi. Swali lake lilistahili jibu refu zaidi, kwani leo hii jambo hilo halifanywi na wanafunzi wachache tu. Kila mwenye simu mkononi anaweza kujifanya mpelelezi, na kila aliyepotea anaweza kupata wapelelezi elfu kumi asiowajua. Je, huruma hiyo ni ibada, au ni dhambi iliyovaa kanzu ya ibada?

Kwanza tutazame mambo yaliyokwisha kutokea, maana mti hujulikana kwa matunda yake.

Tarehe 27 Januari 2023, katika kijiji cha St Michael's on Wyre, kaskazini mwa Uingereza, mama mmoja alitoweka alipokuwa akitembea na mbwa wake kando ya mto. Simu yake ilikutwa juu ya benchi, ingali imeungana na mkutano wa kazi aliokuwa akiusikiliza. Polisi walisema mapema kwamba yaelekea ameanguka mtoni. Lakini jibu hilo halikuwaridhisha watu. Wageni waliokuwa na kamera walimiminika kijijini, wakaingia penye nyumba za wenyewe, wakachungulia ng'ambo ya mto, na polisi wakalazimika kutoa amri za kuwaondosha. Wengine wengi, bila ya kuondoka vitandani mwao, waliwashuku hadharani watu wa nyumbani kwake na rafiki zake, ambao wakati huo huo walikuwa wakilia na kungoja. Tarehe 19 Februari mwili wake ulionekana katika matete ya mto huo huo, yapata maili moja kutoka lilipo benchi. Mwezi Juni mwaka huo hakimu achunguzaye sababu za vifo aliamua kwamba alianguka majini kwa ajali akafa maji. Hapakuwa na muuaji hata mmoja, ilhali walikuwa wamekwisha kushukiwa wengi.

Haki inatudai tuseme pia ya kwamba wakubwa wenyewe hawakukosa lawama. Wakati wa msako, polisi walitangaza siri za afya ya mama huyo, na uchunguzi uliotolewa mwezi Novemba 2023 ulisema kwamba haikuwa lazima kufanya hivyo. Uchunguzi huo uliona pia kwamba mahali ambapo habari za kweli hazikutolewa vema, uvumi ndio ulioijaza nafasi. Hilo ni somo kwa kila mwenye madaraka: chungu kisichofunikwa huingiwa na nzi.

Kisa cha pili kilitokea Marekani. Tarehe 15 Aprili 2013 mabomu mawili yalilipuka katika mbio za marathoni mjini Boston, na watu 3 wakafa pale pale huku mamia wakijeruhiwa. Watu wengi walikusanyika katika mtandao wa Reddit wazichambue picha za siku ile ili wawavumbue wahalifu. Mwezi mmoja kabla ya hapo, tarehe 16 Machi, mwanafunzi mmoja kijana alikuwa ametoweka katika jimbo jirani, na jamaa zake walikuwa wakisambaza picha yake wakiomba msaada wa kumwona. Fikirini, ndugu zangu: picha ile ile iliyotolewa na jamaa ili mpenzi wao apatikane, wapelelezi wa kujitolea waliichukua wakailinganisha na picha ya mshukiwa, wakasema, "Ndiye!" Usiku wa tarehe 18 kuamkia 19 Aprili jina lake lilienea kama moto katika nyasi kavu. Jamaa zake walishambuliwa kwa simu na matusi, hata wakalazimika kuufunga kwa muda ukurasa waliokuwa wakimtafutia. Kulipopambazuka serikali iliwataja washukiwa wengine kabisa, ndugu wawili wa tumbo moja. Tarehe 22 msimamizi wa mtandao ule aliomba radhi hadharani. Tarehe 23 mwili wa yule kijana ulionekana mtoni. Hakuwa amehusika kwa lolote na mabomu yale.

Basi msomaji aweza kusema: jambo limekwisha, kazi hiyo ni haramu. Lakini tusiharakishe, maana upo ushahidi wa upande wa pili, wala si haki kuuficha.

Mwaka 1968 mwili wa mwanamke uliofungwa katika turubai ulionekana karibu na mji wa Georgetown, katika jimbo la Kentucky, Marekani. Hakuna aliyemtambua, akazikwa bila ya jina. Miaka mingi baadaye mfanyakazi mmoja wa kiwandani wa jimbo la Tennessee, aitwaye Todd Matthews, alisikia habari zake kwa mkwewe, ambaye ndiye aliyeuona mwili ule. Matthews hakuwa polisi wala mwanasheria. Kwa miaka kama 10 alitafuta katika magazeti ya zamani, na baadaye katika intaneti, usiku baada ya usiku, baada ya kazi yake. Mwaka 1998 aliona tangazo la mtu aliyekuwa akimtafuta dada yake aliyepotea katika sehemu zile zile na nyakati zile zile. Alilinganisha maelezo na maelezo, akawapelekea wahusika. Kaburi likafukuliwa, vipimo vya DNA vikathibitisha, na baada ya miaka 30 jamaa wakajua ndugu yao amelala wapi, na jina lake likaandikwa juu ya jiwe la kaburi. Hata leo hakuna mtu aliyehukumiwa kwa kifo hicho. Hata hivyo, nani atathubutu kusema kwamba kazi ile haikuwa na thamani?

Sasa tuna watu wa aina mbili mbele yetu. Wote hawakulipwa. Wote walikesha. Wote walitumia picha, tarehe na ramani. Wote, tukiwauliza, watasema wanafanya kwa huruma. Tofauti yao ni nini?

Wengine watasema tofauti ni bahati: huyu alipatia, wale walikosea. Mimi sioni hivyo. Tofauti iko katika kile walichokitafuta. Yule wa Tennessee alimtafuta aliyepotea. Wale wa Boston, na wale waliokwenda kuwachungulia wanakijiji wa Uingereza, walimtafuta wa kulaumiwa. Safari hizi mbili huanzia mlango mmoja, nayo miguu ya mwanadamu huhama kutoka njia moja kwenda ya pili bila ya mwenyewe kutambua.

Kurani Tukufu inatuonyesha njia hizi mbili kwa namna ya ajabu. Katika Sura Yusuf tunasoma jinsi Nabii Yakub a.s., baada ya miaka mingi ya huzuni, alivyowaagiza wanawe waende wakamtafute Yusuf na ndugu yake, wala wasikate tamaa na rehema ya Mungu. Neno la Kiarabu lililotumika hapo kwa kutafuta ni tahassus. Na katika Sura Alhujurat, waumini wanapokatazwa kupeleleza mambo ya watu, neno lililotumika ni tajassus. Kwa maandishi ya Kiarabu maneno hayo mawili hutofautiana kwa nukta moja tu, ile nukta ya herufi jimu. Ukiiondoa, unamtafuta mpotevu kwa amri ya Nabii. Ukiiweka, umevuka mpaka.

Najua ya kuwa ipo hadithi ambamo maneno yote mawili yamekatazwa pamoja, kwa maana ya kutega masikio na kupekua siri za watu. Basi wanafunzi wa Kiarabu wasije wakanishika kwa nukta peke yake. Neno lenyewe si hirizi. Linaloipa kazi hukumu yake ni nia ya mtafutaji na kitu akitafutacho. Lakini alama ile yafaa kukumbukwa, kwa sababu inatufundisha jinsi mpaka ulivyo mwembamba.

Tena tutazame hali ya Nabii Yakub mwenyewe. Yeye hakukosa sababu za kushuku. Aliletewa kanzu yenye damu ya uwongo, na papo hapo aliwaambia wanawe kwamba nafsi zao zimewashawishi katika jambo fulani. Kwa hiyo si kila dhana ni dhambi, na Kurani yenyewe inatuamuru tujiepushe na dhana nyingi kwa kuwa baadhi yake ni dhambi. Haikusema kwamba zote ni dhambi. Lakini Nabii Yakub alifanya nini na dhana yake? Hakuipandisha sokoni. Aliishika kwa subira, akamshtakia Mungu huzuni yake, na siku ya kutafuta ilipofika, wale wale aliowashuku ndio aliowatuma. Alimtaka mwanawe arudi kuliko alivyotaka mkosaji aaibike.

Kisa kingine kinagusa jambo letu kwa karibu zaidi, maana kilianza kwa mtu kuachwa njiani. Jeshi la Waislamu lilipokuwa likirudi kutoka vita vya Banu Mustaliq, Bibi Aisha r.a. alikwenda kando kwa haja, kisha akarudi kuutafuta mkufu wake uliokatika. Watu wakakiinua kibanda cha ngamia wake wakidhani yumo ndani, msafara ukaondoka. Aliporudi hakukuta mtu. Akakaa pale pale, akitumaini kwamba watakapomkosa watarudi kumtafuta. Sahaba Safwan bin Muattal r.a., aliyekuwa nyuma ya jeshi, alimkuta, akampandisha juu ya ngamia wake, akaishika hatamu akaenda kwa miguu mpaka akamfikisha kwa wenzake.

Tazameni sasa. Mtu mmoja tu ndiye aliyempata aliyepotea na kumrudisha salama, naye mwenyewe Bibi Aisha anasimulia kwamba njiani hakumsemesha neno. Na wale ambao hawakumtafuta, wala hawakujua kwamba amepotea, ndio waliozungumza muda wa karibu mwezi mzima! Wanafiki, wakiongozwa na Abdallah bin Ubayy, walichukua mambo mawili ya kweli, kwamba alichelewa na kwamba alirudi na fulani, wakayaunganisha kwa uzi wa uwongo. Hata baadhi ya waumini wema waliteleza wakalirudia neno lile. Hatimaye Mwenyezi Mungu aliuteremsha ushuhuda wa usafi wake katika Sura Annur, akawalaumu waumini kwa kutodhani mema walipolisikia, na akaweka sharti ya mashahidi wanne kwa mwenye kutoa shutuma ya namna hiyo. Asiyewaleta ndiye mwongo mbele ya Mungu, hata kama moyoni mwake ana hakika.

Lakini alikuwapo aliyeulinda ulimi wake. Bibi Zainab binti Jahsh r.a., ambaye kama mke mwenza angeweza kufurahia anguko la Bibi Aisha, alipoulizwa alisema kwamba anayahifadhi masikio yake na macho yake, wala hajui kwake ila mema. Hiyo ndiyo kanuni yote ya ushahidi kwa maneno machache: kusema ulichosikia na ulichoona, wala usiyasingizie macho yako jambo ambalo hayakuliona.

Nami siyaandiki haya kama mtu aliye juu ya mlima. Zaidi ya miaka 20 iliyopita, nilipokuwa kijana nikifundisha watoto kusoma Kurani katika kijiji kimoja cha pwani, mtoto wa miaka 7 hakurudi kwao baada ya chuo. Magharibi ilipoingia watu walikusanyika kwa taa na fimbo, wakaniuliza mimi mwalimu wake kama nimemwona. Nikajibu, "Nilimwona na yule muuza samaki." Muuza samaki alikuwa mgeni, mtu asiye na jamaa pale kijijini. Hakuna aliyeniuliza neno la pili. Walikwenda kwake, wakakipindua chumba chake, wakampiga. Usiku wa manane mtoto alionekana amelala ndani ya dau lililopandishwa ufukoni, chini ya tanga, mzima kabisa.

Je, nilichokiona hasa kilikuwa nini? Nilimwona mtoto saa kumi alasiri akipita karibu na baiskeli ya muuza samaki, akielekea pwani. Basi. Lau ningesema hayo tu, watu wangekwenda pwani, na mtoto angepatikana kabla ya isha. Dhana yangu haikuuongeza ushahidi wangu, bali iliufunika. Niliwapa watu mtu wa kumpiga, nikawanyima njia ya kumfikia mtoto. Baada ya siku kadhaa nilikwenda kumwomba yule bwana radhi, nikakikuta chumba kitupu. Deni lile ningali ninalo.

Kwa hiyo ninapomtazama kijana aliyeniuliza swali, najitazama mwenyewe. Na ninamwambia hivi: mtu anapomtafuta aliyepotea akakosea, hasara ni ya mtafutaji. Amepoteza usiku wake, ameenda njia isiyokuwa. Kesho ataanza tena. Lakini anapomtafuta wa kulaumiwa akakosea, hasara huliwa na mwingine, mtu ambaye hakushauriwa wala hakukubali. Tena kosa hilo halifutiki. Katika miji yetu ya Afrika Mashariki tunajua linalotokea mtu anaponyoshewa kidole na kupigiwa ukelele wa "Mwizi!" Aliyepiga ukelele huchanganyika na umati, akarudi kwake akala chakula chake, aliyepigiwa huenda asirudi. Intaneti imeurefusha ule ukelele, na kuwaficha zaidi wapigao.

Hapa mtu mwenye akili atapinga akisema: "Lakini kama hakuna atakayeshuku, wauaji watastarehe. Polisi nao hushuku kila siku. Mbona wao hamwalaumu?" Pingamizi hili ni la haki. Jibu lake ni kwamba kushuku kwa ajili ya hukumu ni amana, na amana ina masharti. Mpelelezi wa serikali anajulikana jina lake. Anaweza kuitwa mahakamani aeleze kwa nini alimshuku fulani. Akidhulumu anaweza kushtakiwa, na mshukiwa ana haki ya kujibu kabla ya kuhukumiwa. Hata wao hukosea, kama tulivyokwisha kuona, lakini kosa lao lina mlango wa kubishwa. Mtu anayeshuku akiwa amejificha nyuma ya jina la bandia hana mlango. Anatumia madaraka ya hakimu bila ya kubeba mzigo wa hakimu.

Wala hatusemi kwamba mtu wa kawaida anyamaze. La! Uislamu unakataza kuuficha ushahidi kama unavyokataza kuuzua. Aliyeona aseme, hata kama ni dhidi ya nafsi yake au jamaa zake. Basi mwenye kutaka kusaidia, na ajiulize mambo matatu kabla ya kufungua kinywa au kubonyeza simu yake.

Kwanza: je, hili ninalosema nimeliona au nimelidhani? Kama nimelidhani, nisilivishe vazi la kuona.

Pili: je, neno hili linamsogeza aliyepotea karibu na nyumbani kwao, au linamsogeza mtu mwingine karibu na aibu? Tangazo lenye picha, mahali na saa aliyoonekana mara ya mwisho ni msaada. Orodha ya wanaochukiwa si msaada.

Tatu: je, ninampelekea anayeweza kulipima na kulifanyia kazi, au ninalimwaga njiani? Neno moja likipelekwa kwa jamaa au kwa polisi ni ushahidi, na neno lilo hilo likipelekwa kwa umati huwa jiwe.

Na aliyekwisha kuteleza, naye asikate tamaa. Miongoni mwa walioirudia shutuma dhidi ya Bibi Aisha r.a. alikuwamo Mistah, jamaa maskini aliyekuwa akitunzwa na baba yake, Seyidna Abubakar r.a. Kwa uchungu wake Seyidna Abubakar aliapa kutompa tena kitu. Mwenyezi Mungu akawahimiza waumini wasamehe, ikiwa wao nao wanapenda kusamehewa, na Seyidna Abubakar akairudisha posho ile. Tendo hilo halikugeuza uwongo kuwa kweli. Adhabu ya uzushi ilibaki adhabu, na chakula cha maskini kikabaki chakula.

Alhamisi iliyofuata nilimsomea kijana yule muhtasari wa jibu hili. Aliniuliza jambo moja tu: afanye nini na yale majina waliyokuwa wameyaandika. Nikamwambia ayafute, kisha aandike palipokuwa na majina hayo kwamba yeye hakuona lolote. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hilo ni gumu kuliko kukesha." Nami nikamjibu kwamba kweli ni gumu, na ndiyo sababu lina thawabu.

Mwenyezi Mungu awarudishe waliopotea kwa wapenzi wao, awape subira wanaongoja, na aziongoze ndimi zetu ziseme tuliyoyaona na kuyanyamazia tuliyoyadhani. Amin.